Nyumba ya Mtini na Uani kwa Jirani

Mwanangu, mwenye miaka tisa, alikuwa ameniomba tangu Ramadhani tujenge nyumba juu ya mwembe dodo ulio nyuma ya nyumba yetu hapa Tanga. Kila alipouliza nilimjibu "inshaallah", kwa namna ile tuliyoizoea vibaya sisi wazazi, hali moyoni tumekwisha kukataa. Siku moja akaniuliza kwa adabu: "Baba, inshaallah yako ina tarehe?" Nikafungua daftari la vikao mbele yake, nikaandika Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni.

Mbao zilikuwapo msikitini. Tulikuwa tumemaliza kumwaga zege la madrasa, na mbao zilizofungia zege hilo, za moja kwa nane na mbili kwa nne, zililala nyuma ya mahali pa kutawadhia. Wapo walioniambia: "Katibu, chukua, zitaliwa bure na mchwa." Lakini mimi ndiye ninayeandika daftari la mali ya msikiti, na mwandishi wa daftari hafai kuwa muuzaji na mnunuzi kwa pamoja. Mweka hazina na wajumbe wawili walizikadiria nikiwa nje, nikalipa, nikapewa stakabadhi. Mwanangu alistaajabu kuona mbao chakavu zikilipiwa. Aliiomba stakabadhi ile akaihifadhi katika mkoba wake wa shule.

Kazi ya mbao kuukuu huanza kwa kung'oa. Jumamosi mbili zilikwisha tukitoa misumari na kukwangua saruji, naye akiwa amevaa viatu na si ndala, kwa kuwa jeraha la msumari mchafu huweza kuleta pepopunda. Nilimfundisha kuchoma kila ubao kwa ncha ya kisu: kikizama kwa wepesi, umeoza, vumbi laini likimwagika, una wadudu. Mbao chache zilikuwa na rangi ya kijani, dalili ya kutiwa dawa. Hizo tuliziweka kando, na mama yake nikamwomba asichukue hata kipande cha kupikia, kwani dawa hizo aghalabu huwa na aseniki, na moshi wake ni sumu. Misumari ya zamani tuliinyoosha kwa kazi ndogondogo tu. Iliyobeba uzito ilinunuliwa mipya, kwa sababu msumari uliokwisha kukunjwa haurudishi nguvu zake zote.

Mti nao una namna yake. Fundi jirani alitaka tufunge boriti kwa waya kuzunguka shina. Nikakataa, kwa kuwa chakula cha mti hupita chini ya gome, na waya ule ungebana kadiri shina linavyonenepa, hata ukaua kilicho juu yake. Tulitoboa kwa keekee matundu machache, tukapitisha bolti nene. Kila boriti ilifungwa upande mmoja tu, upande wa pili ukalazwa kwenye panda bila kukazwa, ili upepo wa kusi ukiutikisa mwembe, mbao zisipasuke. Sakafu haikuzidi mita mbili kutoka ardhini. Chini tuliondoa mawe, tukamwaga mchanga.

Siku sakafu ilipokamilika nilimpandisha. Alisimama, akatazama upande wa kusini, kisha akapaza sauti kwa furaha: "Baba, namwona Bibi anachambua mchele! Shikamoo Bibi!"

Bibi huyo ni jirani yetu mjane. Alikuwa uani kwake, kichwa wazi, kama mwanamke yeyote aliye ndani ya nyumba yake. Nilisikia kishindo cha ungo, kisha mlango. Mke wangu alitoka jikoni akasema neno moja: "Mteremshe." Suratun-Nur, aya ya 27, imetuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu, na mimi, niliyeisoma chuoni miaka minne, nilikuwa nimepima urefu wa mbao na unene wa bolti, nisipime jicho la mtoto linafika wapi.

Baada ya Alasiri tulikwenda kupiga hodi, yeye na mimi. Nilikuwa tayari kubomoa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mwembe huo umekwewa na watoto kabla hujazaliwa. Lakini wao walikwea wakashuka. Ninyi mnahamia."

Sikuwa na jawabu. Aliongeza kwamba hakutuambia tubomoe.

Kuhamisha sakafu kungemaanisha matundu mapya, na kila tundu ni jeraha kwa mti. Kuziba upande ule wote kwa mbao kungeugeuza ukuta kuwa tanga mbele ya kusi, tena ndani kungekuwa na joto. Nikakumbuka madirisha ya nyumba kongwe za mwambao, yenye vipande vya mbao vilivyolazwa mshazari, upepo ukapita na jicho likazuiwa. Tukachana mbao nyembamba, tukazipanga hivyo hivyo, ukingo wa nje ukiinama chini.

Mwanangu akalala kifudifudi ndani, akachungulia. "Baba, bado naona." Alikuwa na haki. Madirisha yale humficha aliye ndani, lakini mwenyewe huona barabara iliyo chini. Ndiye aliyesema tuzigeuze, ukingo wa nje uinuke. Nikamwambia mvua itaingia. "Tutalowa sisi, Baba," akajibu, "Bibi hatalowa." Tukang'oa zote, tukaanza upya, na jua likazama hatujamaliza.

Jumamosi iliyofuata Bibi alisimama katikati ya uani wake, amejitanda kanga, akaamrisha mjukuu wake huyu wa hiari apande.

"Haya, unaona nini?"

"Naona mawingu, Bibi."

"Na mimi?"

"Sikuoni, Bibi, nakusikia tu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema embe za tawi lililovuka ukuta kuingia kwake atazichuma mwenyewe msimu ukifika, na mtu asizitikise zikiwa changa.