Simba Wanyika na Les Wanyika: Nani aliondoka na muziki?

MIAKA mingi imepita tangu kundi la wanamuziki lilipoihama bendi ya Simba Wanyika jijini Nairobi mwaka 1978 na kuunda Les Wanyika, lakini mjadala kuhusu tukio hilo haujafungwa. Panapokutana wapenzi wawili wa muziki wa dansi wa zamani, haichukui muda swali kuibuka: kati ya waliobaki na walioondoka, ni nani hasa aliyekuwa na muziki?

Wapo wanaoapa kwamba bila ndugu wawili wa familia ya Kinyonga, yaani Wilson na George, hakuna Wanyika. Wapo wanaojibu kwamba ndugu hao walikuwa na sauti na tungo, lakini utamu wenyewe ulikuwa mikononi mwa mpiga gitaa la rithimu, Omar Shabani, ambaye wengi walimwita Profesa. Na lipo kundi la tatu, ambalo kwalo majina ya kutajwa kwanza ni John Ngereza na Issa Juma.

Mjadala huo si wa Nairobi na Tanga pekee. Husikika pia mkoani Tabora, hata Kigwa, wilayani Uyui, mahali ambapo misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilipita kabla ya kuingia Tabora. Njia hiyo ilileta bara shanga na vitambaa, ikapeleka pwani pembe za ndovu, na ikaeneza Kiswahili. Ndiyo sababu wimbo uliotungwa na vijana wa Tanga na kurekodiwa Nairobi haukuhitaji mkalimani ulipofika Unyamwezini.

Aidha, wakazi wa Tabora si wageni katika kupima bendi. Mji huo ulikuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, bendi tatu zilizouwekea jina lake kwenye ramani ya muziki wa Tanzania. Watu waliolelewa na ushindani wa aina hiyo wanajua kuwa shabiki hapendi bendi tu, bali huchagua upande.

Kutoka Tanga hadi Nairobi

Historia ya Wanyika inaanzia Tanga. Mwaka 1966 Wilson Peter Kinyonga na mdogo wake George walijiunga na Jamhuri Jazz, mojawapo ya bendi zilizotikisa mji huo. Mwaka 1970 walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz, wakiwa pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata walivuka mpaka na kuingia Kenya, na huko ndiko lilikozaliwa jina la Simba Wanyika, yaani simba wa nyika.

Kuhamia Nairobi hakukuwa matembezi. Katika miaka ya 1970 jiji hilo lilikuwa na studio, viwanda vya kuchapa santuri na kumbi zilizohitaji bendi. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa na wasikilizaji wengi na wanamuziki hodari, lakini nyimbo nyingi zilirekodiwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya kurushwa hewani, si kwa ajili ya kuuzwa madukani. Mwanamuziki aliyetaka kuona jina lake kwenye santuri alitazama kaskazini.

Huko Kenya ndugu hao walijijengea mtindo uliotambulika kwa urahisi. Mwendo wake ulikuwa wa wastani, magitaa yalijibizana bila kukanyagana, na mashairi yalisimuliwa kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka.

Mpasuko wa 1978

Mwaka 1978 wapigaji kadhaa waliondoka kwa pamoja. Miongoni mwao walikuwa Omar Shabani, mpiga besi Tom Malanga na mpiga dramu Rashid Juma. Bendi mpya ikaitwa Les Wanyika. Neno la mwanzo ni la Kifaransa, kwa kuwa wakati huo muziki kutoka Zaire ulikuwa umeshika chati na majina ya namna hiyo yalionekana kuwa na hadhi. Neno la pili lilikuwa urithi ambao hakuna aliyekuwa tayari kuuacha nyuma.

Matokeo yalikuja upesi. Sina Makosa, wimbo uliotungwa na Shabani kuhusu mwanamume anayejitetea mbele ya mwenzake aliyeghadhibika kwa sababu ya mapenzi, uliipa Les Wanyika umaarufu ambao bendi nyingi hazikuupata katika maisha yao yote.

Hata hivyo, Simba Wanyika haikufa. Ndugu wa Kinyonga walitafuta wapigaji wengine na kuendelea. Nyimbo kama Shilingi, unaozungumzia nguvu ya fedha, zilithibitisha kwamba nyumba ya zamani ilikuwa bado ina wenyewe. Mwaka 1981 Issa Juma naye alianzisha Super Wanyika, na tangu hapo jina la Wanyika likawa kama ukoo wenye milango mingi.

Upande wa kwanza na wa pili

Ili kuelewa kwa nini mashabiki hawakubaliani kuhusu vipaji, inafaa kukumbuka jinsi muziki huo ulivyouzwa. Santuri ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kubeba wimbo mrefu wa dansi kwa upande mmoja. Kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa nyuma.

Mara nyingi upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Hapo mwimbaji alieleza kisa, kiitikio kikafuata, na msikilizaji akajua nani amemkosea nani. Upande wa pili maneno yalipungua, magitaa yakachukua uwanja, na wachezaji wakaongeza hatua.

Basi anayemsifu Wilson Kinyonga, Issa Juma au Ngereza kwa sauti, mara nyingi anazungumzia upande wa kwanza. Anayemsifu Omar Shabani anazungumzia upande wa pili. Wote wawili wameshika santuri moja.

Gitaa la rithimu ndilo linaloeleza vizuri zaidi jambo hili. Mpiga solo husikika kwa sababu hupita juu ya wenzake, na besi husikika kwa uzito wake. Rithimu hukaa katikati, ikirudiarudia kipande kifupi kinachoonekana rahisi. Ikiondolewa, solo hubaki bila pa kusimama. Katika muziki wa Wanyika kipande hicho cha katikati ndicho kilichofanya wimbo utambulike kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Hapa ndipo jibu la swali la 1978 linapopatikana. Walioondoka hawakuwa watu waliookotwa mmoja mmoja. Mpiga rithimu, mpiga besi na mpiga dramu walitoka pamoja, wakiwa tayari wamezoeana. Waliobaki walikuwa na tungo, sauti na uongozi wa ndugu wawili waliokuwa pamoja tangu Tanga. Kila upande ulichukua sehemu iliyo hai, na ndiyo maana pande zote mbili ziliota tena. Kidole kimoja, walisema wahenga, hakivunji chawa.

Si wao peke yao

Mpasuko huo haukuwa kioja. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Mwaka huohuo wa 1978, jijini Dar es Salaam, wanamuziki wa Dar International walihamia bendi mpya ya Mlimani Park. Mwaka 1985 Mlimani Park nayo ilipoteza wanamuziki sita kwa mpigo, wakiongozwa na Muhiddin Maalim, walipochukuliwa na mmiliki wa Orchestra Safari Sound, Hugo Kisima.

Nje ya Afrika mfano unaojulikana zaidi ni wa The Beatles wa Uingereza, waliotengana mwaka 1970. Mashabiki wao bado hubishana kama kipaji kikubwa kilikuwa cha John Lennon au cha Paul McCartney. Tofauti ni kwamba wanamuziki wale waliendelea kupokea fedha kutokana na kazi zao za zamani. Kwa wanamuziki wengi wa Afrika Mashariki, kuvunjika kwa bendi kulimaanisha kuanza upya bila akiba, kwa kutegemea mlango wa ukumbi wa usiku huo.

Ndugu wa Kinyonga hawakuishi kuona muziki wao ukigeuka kuwa hazina ya kale. Simba Wanyika ilizuru Ulaya, na mwaka 1992 ikatoka albamu yao iliyoitwa Pepea. George alifariki dunia Desemba mwaka huohuo. Wilson alimfuata mwaka 1995. Omar Shabani na John Ngereza nao wametangulia mbele ya haki.

Kwa nini majina yana thamani

Hivyo basi, mjadala wa nani alikuwa bora unaweza kuonekana kama maneno ya kupitishia wakati. Lakini una uzito wake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inatambua haki za mtunzi na pia za mtumbuizaji. Kenya, ambako nyimbo nyingi za Wanyika zilirekodiwa, ilipitisha sheria yake ya hakimiliki mwaka 2001.

Sheria hizo zilikuja wakati nyimbo zilikuwa zimeshatoka kwenye santuri, zikaingia kwenye kanda, kisha kwenye sidii na sasa kwenye simu. Katika safari hiyo jina la bendi hubaki, la mwimbaji mara nyingine hubaki, lakini la mpiga besi huanguka njiani. Warithi wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote wana kazi ngumu kuthibitisha kuwa alikuwepo siku ya kurekodi.

Kwa maana hiyo mashabiki wanaobishana hadi usiku wa manane, wakikumbushana nani alipiga nini katika wimbo upi, wanafanya kazi ambayo kampuni za santuri hazikuifanya kikamilifu. Ubishi wao umehifadhi majina.

Atakayeusikia tena wimbo wa Sina Makosa, iwe harusini Tabora au ndani ya basi la Nairobi, aweke pembeni kwa muda swali la nani bora. Asikilize kwanza gitaa la katikati, kisha besi inayolifuata, kisha dramu. Hao ndio waliotoka Simba Wanyika mwaka 1978, na majina yao yanastahili kutajwa pamoja na ya waimbaji.