Meli za Kitalii: Je, Zitarudi Kuweka Makao Kilindini?

Kila kaskazi ikivuma, picha ni ileile katika magazeti ya Mombasa. Meli nyeupe imefunga gati namba moja, ngoma zinapigwa, wageni wanateremka ngazi na viongozi wamejipanga chini kuwapokea. Furaha hiyo ina haki yake. Lakini jua likishatua meli imeng'oa nanga, na kilichobaki mjini ni tiketi za Ngome ya Yesu, nauli za magari yaliyokwenda Tsavo na kurudi, vinyago vichache na madafu. Wageni wengine hawakutoka melini kabisa, kwa kuwa chakula, kinywaji na bwawa la kuogelea wamekwisha kuvilipia.

Meli iliyoweka makao huleta biashara ya namna nyingine. Abiria wake huanzia safari Mombasa na huimalizia Mombasa. Hutua uwanja wa ndege wa Moi siku moja au mbili kabla, hulala Nyali au Diani, na akirudi kutoka baharini huenda mbugani. Meli nayo, kila baada ya juma au siku kumi, hupakia mboga, mayai, samaki, maji na mafuta, hubadilisha mabaharia, hupeleka mashuka kufuliwa na huita fundi akikosekana wa ndani. Mkulima wa Nyandarua na dobi wa Changamwe wote wamo katika hesabu hiyo. Ndiyo maana naona swali la makao lina uzito kuliko idadi ya meli zinazopita, ingawa idadi ndiyo inayotangazwa kila mwaka.

Mombasa imewahi kuwa na meli yake. Siizungumzii enzi ya kampuni ya British India, na meli zake Kenya ya 1951 na Uganda ya 1952 zilizokuja kutoka London, wala Kampala na Karanja zilizounganisha Bombay na pwani yetu. Hizo zilikuwa usafiri wa lazima, na ndege za jeti ziliwachukua abiria wake. Nazungumzia Royal Star, meli ndogo iliyoundwa Italia katika miaka ya 1950, ikabadilishwa majina mara kadhaa, na kuanzia mwaka 1990 ikaifanya Kilindini nyumbani. Ilibeba abiria mia mbili na kitu, ikawatembeza Zanzibar, Komoro, Madagaska na Shelisheli.

Siri ya Royal Star haikuwa meli yenyewe, ambayo hata wakati huo ilikuwa kongwe. Safari zake ziliuzwa pamoja na hoteli za African Safari Club, kampuni ya Kiswisi iliyokuwa na vitanda Shanzu, Kikambala na Watamu, kambi kando ya mto Galana, na ndege yake yenyewe iliyoleta wageni kutoka Ulaya moja kwa moja hadi Mombasa. Mjerumani au Mswisi alinunua kifurushi kimoja: kiti cha ndege, wiki ya ufukweni, siku za kuona tembo, na safari ya visiwani kwa anayetaka kuongeza. Kampuni haikuhitaji kumtafuta abiria wa meli, kwani tayari alikuwa amelala hotelini kwake. Ndege zilipoacha kuruka, mwaka 2008, na hoteli zikafuata kufungwa, meli haikuwa na pa kusimamia.

Hapo katikati waliingia maharamia. Alfajiri ya tarehe 5 Novemba 2005, Seabourn Spirit ilishambuliwa kwa bunduki na makombora ya begani katika bahari ya Somalia, ikiwa njiani kutoka Misri kuja Mombasa. Mabaharia waliwafukuza kwa chombo cha kutoa sauti kali, nahodha akaongeza mwendo, na meli ikageuza kwenda Shelisheli. Mombasa haikuiona. Aprili 2009 ikawa zamu ya MSC Melody, iliyokuwa ikitoka Durban kwenda Genoa na watu wapatao 1,500. Walinzi waliokuwamo melini waliwajibu maharamia kwa bastola na maji ya mabomba. Baada ya hapo, mpangaji wa safari aliyekaa Miami au Genoa hakuhitaji maelezo marefu. Bima ya hatari za vita peke yake ilitosha kumfanya aifute Mombasa katika kitabu chake cha matangazo. Tahadhari za safari zilizotolewa na nchi za Magharibi mwaka 2014, na korona mwaka 2020, zikakuta jeraha halijapona.

Kikwazo kile cha uharamia kimelegea. Tangu tarehe 1 Januari 2023 vyama vya wenye meli duniani viliacha kuihesabu Bahari ya Hindi kuwa eneo la hatari kubwa ya uharamia. Ni kweli kwamba maharamia walijitokeza tena, wakaiteka Ruen Desemba 2023 na Abdullah Machi 2024, lakini hizo zilikuwa meli za mizigo, mbali na ukanda wa Mombasa, Pemba na Zanzibar. Bandarini nako kazi imefanyika: ghala la mizigo la gati namba moja limegeuzwa kuwa jengo la abiria, kwa juhudi za Mamlaka ya Bandari Kenya na msaada wa shirika la TradeMark. Barabara ya Dongo Kundu sasa inampeleka mgeni Diani bila kupanga foleni ya feri ya Likoni, na treni ya Madaraka inapita Voi, mlangoni pa Tsavo Mashariki. Gati lipo, na Kilindini ina kina cha kupokea meli kubwa kama Norwegian Dawn, yenye nafasi ya abiria zaidi ya 2,300.

Kwa hiyo nashangaa ninaposikia mjadala ukirudi kwenye jengo, kana kwamba tukiongeza viti na viyoyozi meli zitahamia. Jengo hupokea abiria aliyekwisha kuamua kuja. Anayeamua ni mwenye meli, naye huanza na hesabu ya viti vya ndege.

Tuifanye hesabu hiyo. Meli ya abiria 2,000 yenye makao Mombasa, ikibadilisha abiria wote kila Jumamosi, inahitaji viti 2,000 vya kuja na 2,000 vya kurudi kwa wakati mmoja. Ndege pana hubeba kama watu 300. Hizo ni ndege pana karibu saba katika mwisho wa juma mmoja, juu ya zile zinazojaza hoteli. Kwa miaka mingi serikali imebana haki za mashirika ya kigeni kutua Mombasa, ili abiria apitie Nairobi na Kenya Airways ilindwe. Pwani imelalamika, na ina sababu. Turkish na Ethiopian zinafika, flydubai ilianza Januari 2024, lakini bado hatujakaribia hesabu hiyo. Dubai na Doha zilipata meli kwa kuwa viti vilikuwapo kabla ya meli. Port Louis, ambako kampuni ya Costa iliweka meli misimu kadhaa ya kipupwe cha Ulaya, ilikuwa na ndege za Ufaransa na Italia.

Bahari ya Shamu nayo imebadilisha ramani. Tangu Wahouthi wa Yemen waanze kushambulia meli mwishoni mwa mwaka 2023, meli inayotoka Mediterania kuja kwetu imelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Wako wanaoiona hiyo kuwa bahati, kwa sababu meli zinazozunguka Afrika hutafuta pa kupumzika na Mombasa iko njiani. Kwa bandari ya kupita, sawa. Kwa bandari ya makao ni gharama tupu: majuma ya mafuta na mishahara ya kuileta meli mwanzo wa kaskazi, na majuma mengine ya kuirudisha Ulaya kabla kusi halijachachamaa, kwa ajili ya msimu wa miezi minne au mitano. Mhasibu yeyote atauliza kwa nini asiiache Karibi.

Ndiyo maana ninaamini meli kubwa haitarudi kuweka makao Kilindini katika miaka ya karibu, na kuingoja ni kupoteza wakati. Kinachowezekana ni meli ndogo, na kinachowezekana zaidi ni meli ndogo inayouzwa kwanza kwa watu wa Afrika Mashariki.

Durban inatufundisha hapo. Kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli kule msimu baada ya msimu, na jengo jipya la abiria linaendeshwa na kampuni ambayo MSC yenyewe ni mbia mkubwa pamoja na wawekezaji wa nchini. Wanaojaza vyumba ni Waafrika Kusini. Wanashuka kwa magari kutoka Johannesburg na Pietermaritzburg, wanapanda kwa siku tatu au nne, wanakwenda Pomene au kisiwa kile cha Wareno katika ghuba ya Maputo, wanarudi kazini. Hakuna ndege ya kutoka Frankfurt katika hesabu hiyo. Mwenye meli ana soko lililo umbali wa barabara, na mgeni kutoka ng'ambo ni nyongeza.

Sisi tuna Nairobi, na treni yake ya mwendo wa saa tano. Desemba na Pasaka hoteli za pwani hujaa Wakenya, na mwaka 2020 mipaka ilipofungwa ni wao walioziokoa zile zilizookoka. Mombasa hadi Zanzibar ni safari ya usiku mmoja. Ondoka Ijumaa jioni, amkia Malindi ya Unguja, lala tena melini, simama Pemba, rudi Jumatatu asubuhi uwahi treni. Mkenya haombi viza Tanzania. Anahitaji hati ya kusafiria na kadi ya homa ya manjano. Kwa mgeni wa mbali mambo ni magumu zaidi, kwani viza ya pamoja ya Kenya, Uganda na Rwanda iliyoanzishwa mwaka 2014 haiihusishi Tanzania, na viza ya kawaida ya Tanzania ni dola 50, au 100 kwa Mmarekani. Pwani ni moja, watu ni wamoja, lakini kwa mtalii wa meli imekatwa vipande viwili pale Vanga. Nairobi na Dodoma zikikubaliana juu ya kibali kimoja cha abiria wa meli, gharama yake kwa hazina zote mbili itakuwa ndogo kuliko faida ya msimu mmoja.

Na pwani hii ina mali ambayo Karibi haina. Kutoka Lamu, iliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, unashuka hadi Gedi iliyoongezwa 2024, Ngome ya Yesu ya 2011, Mji Mkongwe wa Zanzibar wa 2000, Kilwa Kisiwani iliyotangulia zote hizo mwaka 1981, na Kisiwa cha Msumbiji cha 1991. Maeneo sita ya pwani moja, yote isipokuwa Gedi yakiwa kando ya bahari ileile na yakifikika kwa maji kama yalivyojengwa yafikiwe. Meli ya abiria 150 au 200, ya aina inayoshusha wageni kwa boti za mpira, haihitaji gati Kilwa wala Lamu. Inahitaji mtia nanga mzuri, mwongozaji anayejua tofauti ya msikiti wa karne ya kumi na moja na wa kumi na tano, na wavuvi wa mahali waliolipwa ipasavyo. Kampuni za meli za namna hiyo, kama Ponant, huendesha safari Shelisheli. Tofauti yetu nao ni kwamba Shelisheli huuza visiwa vyake kwa mdomo mmoja, hali Lamu bado inapigana na jina la kutokuwa salama, na kaskazini mwa Msumbiji vita vya Cabo Delgado vilivyoanza 2017 vimeufunga mlango wa Ibo.

Ugumu ambao sijaupatia jibu la kuniridhisha ni miezi ya kusi. Kuanzia Aprili bahari huchafuka na mvua za masika huingia, na meli isiyofanya kazi nusu ya mwaka haiwezi kulipa mkopo wake. Julai hadi Oktoba ni msimu wa juu wa mbuga, nyumbu wako Mara na wageni wako nchini, lakini mawimbi ya nje ya Pemba hayampendezi mtu asiyezoea. Huenda meli ikahamia kwingine miezi hiyo. Huenda ikakaa ndani ya mkondo, ikawa hoteli na ukumbi wa mikutano huko Kilindini. Anayetaka kuwekeza lazima alijibu swali hili kabla ya kununua hata kamba.

Upande wa serikali, ningetaka kuona mambo yenye tarehe: ada za bandari zilizopangwa kwa miaka mitano na zenye nafuu kwa meli inayoanzia safari hapa, haki za kutua Mombasa kwa ndege za kukodi zinazoleta abiria wa meli, na mnunuzi wa chakula cha meli akutanishwe na vyama vya wakulima ambao tayari wanauza mboga Ulaya kwa masharti makali kuliko ya jiko lolote la melini. Kaunti ya Mombasa ishughulikie njia ya kutoka lango la bandari hadi Mji wa Kale, ambayo mgeni anapaswa kuweza kuitembea kwa miguu bila kusukumwa na malori.

Mwaka 2023 watu milioni 31.7 walisafiri kwa meli za kitalii duniani, zaidi ya kabla ya korona, na viwanda vya Ulaya vinaendelea kuunda nyingine. Makampuni hupanga ratiba miaka miwili au mitatu mbele. Wanaotafuta bandari ya kaskazi ya mwaka wa tatu kuanzia sasa wanazungumza wakati huu na Port Louis, na Victoria, na Durban, na mezani wanaulizwa viti vya ndege, viza na bei ya maji kwa tani. Mombasa inaweza kuyajibu maswali hayo kwa meli ya abiria mia mbili msimu huu huu.