Kupanda Iten: Upite Eldoret au Kabarnet?

JUMAMOSI moja kabla ya likizo ya Aprili, meza yetu ya kulia hapa Umoja, Nairobi, iligeuka kuwa bunge. Hoja iliyokuwa mbele ya kikao ilikuwa moja tu: twende Iten kwa njia gani?

Mama mkwe, ambaye amekula chumvi nyingi, alikuwa ametuma habari kwamba miguu haimbebi tena na anataka kuwaona wajukuu wake. Hilo halikuwa na mjadala. Kwenda tungeenda. Ubishi ulikuwa juu ya barabara.

Kijana wetu wa kidato cha tatu alishika simu na kutangaza kwamba ramani inasema tupite Eldoret. Mama watoto, ambaye ni mzaliwa wa huko, alitaka tupite Kabarnet. Mimi, kama mwenye usukani, nilijifanya spika asiyeegemea upande wowote. Kumbe aliyekuwa na neno zito kuliko sisi sote ni kitinda mimba wetu wa miaka tisa, aliyekuwa amenyamaza kwenye kona akichezea kijiko.

"Mimi sitaki kupita Salgaa," alisema.

Meza nzima ilinyamaza. Tulijua sababu.

Mteremko wa Sachangwan

Agosti ya mwaka uliotangulia tulikuwa tukirudi Nairobi kupitia Eldoret. Tulichelewa kuondoka, kama kawaida ya watu wanaoagana mlangoni saa nzima. Giza lilituingilia Mau Summit na mvua ikaanza. Kutoka hapo barabara huteremka kwa kilomita nyingi kupitia Sachangwan hadi Salgaa, na mimi nilikuwa nimekanyaga breki tangu juu. Ghafla kanyagio likawa laini kama sponji. Nikalisukuma, likazama hadi chini. Nyuma yetu taa za lori zilikuwa zinakua.

Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono kidogo kidogo, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo. Lilisimama. Lori lilitupita likipiga honi hadi vioo vikatetemeka. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mtoto yule akisikia neno Salgaa hushika mkono wa mamake.

Wala hofu yake si ya bure. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori vilipogongana huko Migaa, karibu na hapo, watu 36 walipoteza maisha. Baada ya msiba huo kazi ilifanywa ya kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, na hilo limesaidia. Lakini mteremko bado ni ule ule, na uzito wa lori haujapungua.

Njia mbili, urefu mmoja

Basi tulichukua kalamu na karatasi. Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba njia zote mbili zinakaribiana sana kwa urefu. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Ukipita Timboroa na Eldoret, au ukipita Mogotio, Marigat na Kabarnet, jumla ya safari hadi Iten ni takriban kilomita 350. Anayekuambia kwamba moja ni ya mkato anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tofauti iko kwenye milima. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Njia ya Eldoret hupanda mara moja hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kisha hushuka taratibu hadi Eldoret, kama mita 2,100, na kupanda tena kidogo hadi Iten, mita 2,400.

Njia ya Kabarnet ina tabia nyingine kabisa. Kutoka Nakuru unateremka hadi joto la Marigat, kama mita 1,060. Unapanda Milima ya Tugen hadi Kabarnet, karibu mita 2,000. Kisha unaporomoka tena hadi Bonde la Kerio, na ukishavuka mto unakabiliana na ukuta wa Elgeyo, zaidi ya mita 1,200 za kupanda, kona juu ya kona, kupitia Tambach hadi Iten. Ukijumlisha milima yote, gari hupanda karibu mara mbili ya lile lililopita Eldoret.

"Kwa hivyo simu imesema kweli," kijana akatamba.

"Simu haijui gari letu," mamake akamjibu. "Wala haimjui dada yako."

Kuuliza si ujinga

Jioni hiyo nilivuka ua kwenda kwa jirani yetu, mzee aliyeendesha trela kati ya Mombasa na Malaba kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimweleza kisa cha kanyagio.

"Kijana wangu," aliniambia, "breki yako haikuharibika. Uliipika."

Akanifafanulia. Breki hufanya kazi kwa kusuguana, na msuguano huzaa joto. Ukiikanyaga bila kuiachia kwa kilomita kadhaa, joto hilo hufika kwenye mafuta ya breki hadi yachemke. Mafuta yaliyochemka huwa na mvuke ndani yake, na mvuke husinyaa ukiukanyaga. Ndiyo maana kanyagio huwa laini. Mafuta yaliyokaa miaka bila kubadilishwa hunyonya unyevu, na huchemka mapema zaidi.

"Mteremko hushukwa kwa gia, si kwa mguu," alisema. "Shuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Ingiza gia kabla ya mteremko kuanza, si katikati. Breki ikanyage kwa nguvu, kisha uiachie ipumue. Wanaotoa gia ili waokoe mafuta, tumewazika wengi."

Akamalizia kwa neno ambalo lilibadilisha hesabu yangu yote: "Ninyi mnauliza njia ya kwenda. Ulizeni pia njia ya kurudi. Kilima cha kupanda asubuhi ndicho mteremko wa kushuka siku ya kurudi, na siku hiyo dereva amechoka na gari limejaa viazi."

Nilirudi nyumbani, nikaitazama karatasi upya. Ukuta wa Tambach ni mkali kuliko Sachangwan. Kuushuka wakati wa kurudi, gari likiwa na mizigo, kungekuwa kuruka majivu na kukanyaga moto. Lakini kuupanda ni kazi ya injini tu. Tukaamua: kwenda kwa Kabarnet, kurudi kwa Eldoret, yote mchana. Kabla ya hapo, gari lilikwenda kwa fundi. Breki zikafunguliwa na mafuta yake yakabadilishwa.

Kwanza, kutoka Nairobi

Kuna uchaguzi mwingine unaokungoja Rironi. Barabara ya juu hupitia Limuru na Kinungi hadi Naivasha; adui wake ni ukungu wa asubuhi. Ya chini huporomoka kwenye Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu, ikipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Ni nzuri kwa macho, lakini ni nyembamba na imejaa malori. Kwa ajili ya kitinda mimba tulipita ya juu, tena baada ya saa mbili asubuhi, ukungu ulipokwisha kupaa. Kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi hadi Mau Summit, pamoja na ile ya Mai Mahiu, ilizinduliwa Novemba 2025, kwa hiyo msafiri aongeze muda wa kungojea.

Baada ya Nakuru tulishika kulia kuelekea Mogotio, ambako tulisimama kwenye alama ya Ikweta na kupiga picha. Malori yakawa machache. Nyasi zikageuka miiba, mbuzi wakawa wengi kuliko watu, na kando ya barabara asali ikauzwa kwenye chupa. Aliyeshuka kutoka baridi ya Limuru akiwa na sweta aliivua Marigat. Mwenye nafasi anaweza kuzuru ziwa la Bogoria au la Baringo, lakini sisi tulikuwa na bibi anayengoja.

Kutoka Kabarnet tulishuka bondeni kwa gia ya pili. Watoto walitafuna peremende kwa sababu ya masikio kuziba. Kwenye daraja la Cheploch tulichungulia lile genge jembamba ambako Mto Kerio hupita, na ambako vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya miamba.

Kisha ukaja ukuta. Tulipofika nusu ya njia kuelekea Tambach, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi. Nilizima kiyoyozi, hautoshi. Nikaegesha mahali papana, nikafungua boneti na kuiacha rejeta ipoe bila kuigusa. Kuufungua mfuniko ungali moto ni kujiunguza uso. Tulikaa nusu saa tukila maembe na kulitazama bonde lote tulilotoka, hadi Milima ya Tugen ng'ambo ya pili. Kitinda mimba aliuliza: "Baba, tumetoka kule mbali?" Nikamwambia ndiyo, kwa gia ya kwanza na ya pili. Akacheka, mara ya kwanza tangu Nakuru.

Saa kumi na moja jioni tulipita chini ya lango la Iten linalosema kwamba hapa ni nyumbani kwa mabingwa. Wanariadha walikuwa wakikimbia kando ya barabara kana kwamba hiyo mita 2,400 ni mahame tu. Mama mkwe alikuwa ameketi nje, kiti kikielekea barabarani. Alimkumbatia kila mjukuu, kisha akaniuliza mimi: "Umewaleta polepole?"

Mambo ya kuzingatia

Kwa familia inayopanga safari kama hii, tuliyojifunza ni haya:

Gari zee lenye injini dhaifu lipite Eldoret. Mlima ni mmoja na mafundi wako karibu. Anayetaka mandhari na barabara yenye malori machache apite Kabarnet, mradi rejeta na breki ziwe nzima.

Msimu wa mvua uliza kabla ya kuelekea kwenye kuta za Elgeyo. Maporomoko ya ardhi ya Novemba 2025 huko Chesongoch, kaskazini ya hapo, yaliua watu wengi. Uliza pia hali ya usalama bondeni, na usipite usiku.

Watoto wanaotapika wapewe chakula chepesi, wakae mahali wanapoona mbele, na dirisha lifunguliwe kidogo.

Muda wa kuondoka ni sehemu ya njia. Barabara njema saa nne asubuhi huwa nyingine saa mbili usiku.

Kurudi

Siku ya kurudi tuliaga jioni ya kuamkia safari, ili asubuhi iwe ya kuondoka tu. Saa nne na nusu tulikuwa Mau Summit, jua likiwaka. Nilitaka kusema neno la kumtuliza mtoto, lakini alinitangulia.

"Baba, ingiza gia sasa. Mzee alisema kabla ya mteremko."

Nikaingiza. Alisogea katikati ya viti viwili vya mbele, mkanda ukiwa umemshika, akawa anahesabu kwa sauti kila nilipogusa breki. Kutoka Sachangwan hadi Salgaa alihesabu mara kumi na saba. Malori yalitupita, na tukayaacha yapite.

Tulipofika chini, aliuachia mkono wa mamake na kuomba mahindi ya kuchoma.