Parabole ya mwamvuli: inaweza kushika picha?

Upepo ukiangusha parabole, wengine wanatafutaka msaada kwa nyumba: mwamvuli mzee, karatasi ya aluminiamu ya kupikia, kipande cha bati. Inawezekana? Ndiyo, lakini nusu tu.

Kazi ya parabole ni kukusanya mawimbi yenye kutoka kwa satelaiti, kilometa karibu 36 000 juu ya ikweta, na kuyarudisha pahali pamoja, penye kichwa (LNB). Aluminiamu inarudisha mawimbi vizuri. Nguvu iko kwa umbo. Mawimbi mengi ya televisheni yana urefu wa sentimeta 2,5 hivi. Mikunjo ya milimeta 3 tayari inapoteza sehemu ya nguvu yake, na mwamvuli uko na pembe kila pahali. Kichwa chenyewe hakitengenezwi kwa nyumba.

Kwa hiyo, mbele ya kukata mwamvuli, chunga kichwa na nyoosha parabole ileile polepole, kwa nyundo ya mbao.

Kivu na Ituri ziko karibu na ikweta: satelaiti nyingi ziko juu sana, na parabole ya duara inalala sawa sahani, inajaza maji ya mvua. Toboa katundu kamoja kadogo chini.

Mwisho, radi. Milima ya Kabare, karibu na ziwa Kivu, ni kati ya pahali radi inapiga zaidi duniani. Mawingu ikikaribia, shuka kwa paa na chomoa kable kwa dekoda. Filamu itarudi kesho, mtu, hapana.