Mtoto akiangusha kijiko, mwokotee

Mama amerudi jioni kutoka kazini akiwa amechoka hoi. Mtoto wake wa miezi tisa, aliyempakata, anaangusha kijiko sakafuni. Anaokotewa. Anakiangusha tena na tena, huku akicheka. Mara ya nne mama anamkaripia na kumnyang'anya.

Wazazi wengi huuita huu utundu. Kumbe mtoto yumo darasani. Anachunguza kijiko kinakwenda wapi, kinalia vipi na, kubwa zaidi kwake, iwapo mama atakiokota.

Jean Piaget, mtaalamu wa saikolojia kutoka Uswisi aliyefariki 1980, alijifunza mengi kuhusu akili za watoto wachanga kwa kuwatazama wanawe watatu wakicheza nyumbani. Alieleza kuwa mtoto wa miezi michache akifunikiwa kitu kwa kitambaa hukiacha, kana kwamba kimetoweka duniani. Karibu na miezi minane huanza kukifunua. Ndiyo maana mchezo wa kujifunika uso kwa leso na kujifunua ghafla humfurahisha mno: mama aliyetoweka kumbe bado yupo! Kwa mtoto ambaye mamake huabiri matatu alfajiri, hilo si jambo dogo.

Michezo hii haihitaji pesa. Sufuria kuukuu na mwiko vyatosha. Chupa ya plastiki yenye maharagwe machache ni kayamba nzuri, mradi kifuniko kisifunguke, kwani harage moja laweza kumkaba kooni.

Kinachohitajika hasa ni mtu wa kumjibu. Hata wa miezi mitatu akitoa sauti, mwitikie, kisha unyamaze umpe zamu yake.

Hapo ndipo penye tatizo kwetu wa mjini. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu. Baadaye, mtoto hushinda na yaya. Wengi wetu humwachia yaya maagizo ya uji, nepi na nguo za kufua, bila neno juu ya mchezo. Wengine humgombeza wakimkuta sakafuni akicheza na mtoto ilhali vyombo havijaoshwa. Naye yaya, si mjinga, humketisha mtoto mbele ya televisheni ili amalize kazi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kamwe. Ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi akiwa macho, kwa jumla ya angalau dakika 30 kwa siku.

Basi kesho asubuhi, pamoja na uji, mwonyeshe yaya mchezo wa leso. Mwambie pia kwamba vyombo vyaweza kungoja. Na baba arudipo, aliweke gazeti kando kidogo. Kijiko kitaanguka tena.