Darubini, Kipupwe na Anga la Bulembia

Miongoni mwa matini tulizowapa wanafunzi wetu wazitafsiri kulikuwa na mwongozo wa kuandaa darubini uani kwa ajili ya kutazama nyota usiku wa majira ya baridi. Wengi waliandika "kipupwe", wakaridhika. Kikamusi hawakukosea. Lakini kipupwe tukijuacho ni cha Juni hadi Agosti, na baridi inayosemwa katika mwongozo ule ni ya Desemba hadi Februari huko Ulaya, wakati ambapo sisi wa Bulembia, chini ya Milima ya Rwenzori, huwa tumo katika kiangazi. Msomaji wa Bwera akiifuata tafsiri hiyo ataitoa darubini yake mwezi wa Juni, na kundi la Orion linalosifiwa humo atalikosa, kwa kuwa wakati huo limo upande wa jua.

Tuliona afadhali tuifanye kazi yenyewe kwanza, kisha tusahihishe. Jioni moja ya Januari 2025, Mushtarii ikiwa juu, si mbali na Kilimia, tulitoa chumbani darubini yenye kioo cha sentimita 20, tukaiweka kwenye sakafu ya saruji na kuchungulia. Sayari ilikuwa ikitetemeka kama jiwe lililo chini ya maji yachemkayo. Mwanafunzi mmoja akasema chombo ni kibovu, nasi tulikaribia kukubaliana naye. Baada ya saa moja na zaidi, bila mtu kugusa kitu, ilitulia: mikanda miwili ya mawingu ikaonekana, na miezi minne ile aliyoiona Galileo mwaka 1610.

Kioo kilikuwa kimetoka chumbani na joto lake. Kikiwa na joto kuliko hewa ya nje, hewa iliyo juu yake hupanda na kuzunguka ndani ya bomba, na mwanga unaopita humo hupindapinda. Kwa hiyo kinachotafutwa si baridi, bali chombo na hewa kuwa na joto moja. Itoe darubini mapema, jua likishatua, uiache ipoe. Iweke juu ya nyasi, maana saruji na mawe hutunza joto la mchana hadi usiku, na usitazame nyota iliyo juu ya paa la jiko linalopikiwa. Katika bonde la Kilembe kuna jambo la ziada: usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani, na umande hulowesha lenzi. Kipande cha boksi kilichoviringishwa mdomoni mwa bomba husaidia sana. Lenzi ikilowa, iache ikauke yenyewe; usiifute kwa shati!

Kabla ya kuanza, vuruga kidogo taswira ya nyota angavu hadi iwe duara. Pete zake zisiposhiriki kitovu kimoja, vioo havijalingana. Kaza au legeza skrubu za kioo kikubwa kidogo kidogo.

Jambo lingine ambalo mwongozo ule haukulifikiria ni ikweta, inayopita hapa hapa wilayani Kasese. Vile vigae vya darubini vinavyoelekezwa kwenye ncha ya anga hutusumbua, kwa sababu ncha hiyo kwetu imelala kwenye upeo wa macho. Kigae cha kawaida, cha kuzunguka kando na kuinuka juu, chatosha. Fidia yake ni kubwa: katikati ya Februari, yapata saa tatu usiku, nyota tatu za mkanda wa Orion hupita karibu kabisa na utosi. Shingo itauma, kwa hiyo leta kigoda.

Katika tafsiri sasa tumeandika "usiku mkavu wa Desemba hadi Februari". Waliotumia "kipupwe" tumewapigia mstari mwekundu, ila alama hatukuwakata.