Kufungua propela ya gari la magurudumu manne: Faida yake Garsen ni ndogo

DEREVA anayetoka Malindi kuelekea Garsen huenda zaidi ya kilomita 100, nyingi zikiwa za lami. Katika mwendo huo, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne halilishindi sana lile linalosukumwa na ya mbele pekee, ila kwa kunywa petroli. Ndipo wenye magari huanza kuuliza: mbona propela isifunguliwe, gari likabaki na nguvu za mbele?

Swali lenyewe lina msingi. Miongoni mwa magari madogo yaliyotumika Japan ambayo hupitia bandari ya Mombasa, yapo mengi ya magurudumu manne: Toyota Probox za aina hiyo, RAV4, Nissan X-Trail na Subaru Forester. Yakichakaa, beringi ya katikati ya propela huvuma, krosi hulegea, na spea huwa ghali. Fundi wa jua kali akifungua bolti chache tu, kelele hukoma siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, si kila gari litakubali. Jambo la kwanza kujua ni mahali ambapo nguvu za injini hugawanywa.

Katika Probox ya magurudumu manne, magurudumu ya mbele huunganishwa na giaboksi moja kwa moja. Nguvu za nyuma hupitia propela hadi kwenye kiunganishi chenye mafuta mazito, ambacho hushika pale tu magurudumu ya mbele yanapozunguka kwa kasi kuliko ya nyuma. Ukiondoa propela hiyo, gari litakwenda.

Sivyo ilivyo kwa Subaru ya gia za mkono, au RAV4 za kwanza za gia za mkono, zilizoundwa kuanzia 1994 hadi 2000. Hizi zina difu ya katikati, na tabia ya difu ni kupeleka mzunguko kule kusiko na uzito. Propela ikitolewa, upande wa nyuma huwa mtupu. Injini hunguruma, gari lisiende, au lijikokote huku kiunganishi kikiungua ndani ya giaboksi. Mwenye gari aliyetaka kuokoa bei ya beringi hujikuta akitafuta giaboksi nzima.

Yapo pia magari yasiyohitaji spana. Subaru nyingi za zamani za gia za kujibadili zina nafasi ya fyuzi chini ya boneti. Fyuzi ikichomekwa hapo, nguvu za nyuma hukatwa. X-Trail za kizazi cha kwanza zina kitufe cha kuchagua magurudumu mawili. Inashangaza ni wangapi hulipa fundi afanye kazi ambayo kidole kingeifanya.

Hata pale kazi inapowezekana, kuna mitego. Katika baadhi ya magari, ncha ya propela ndiyo huziba mkia wa giaboksi. Ikichomolewa bila kizibo, mafuta humwagika yote. Aidha, katika magari mengi yenye shafti fupi za nyuma, ncha ya shafti ndiyo hubana beringi ya gurudumu. Akiitoa nzima, fundi ameacha gurudumu likishikiliwa na beringi isiyobanwa, na hilo ni hatari ya maisha.

Akiba ya petroli nayo ni ndogo kuliko inavyotarajiwa. Difu ya nyuma hubaki, uzito wake hubaki, na magurudumu huendelea kuizungusha. Bado itahitaji mafuta yake.

Kwa mkazi wa Tana River, gharama halisi huonekana baada ya kuiacha lami. Udongo mweusi wa delta ukilowa huteleza na kunasa. Probox iliyopakiwa maembe nyuma huinua pua, na magurudumu ya mbele, ambayo sasa ndiyo pekee yenye nguvu, hupungukiwa na uzito wa kushika ardhi. Kwenye mteremko mkavu dereva hatatambua. Kwenye mwinuko wenye matope ataona yakizunguka bure. Ikiwa ndani ya gari kuna mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Ngao, hesabu ya petroli haina maana tena.

Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yalikatiza usafiri katika sehemu nyingi za kaunti hii. Katika maji ya kina hicho magurudumu manne hayasaidii, na si busara kuyajaribu. Manufaa yake huja maji yanapopungua na kuacha tope.

Kabla ya kufungua chochote, inafaa tairi zikaguliwe. Tairi mbili mpya zikichanganywa na mbili zilizolika, mizunguko hutofautiana na kiunganishi hupata joto hata kwenye lami. Mara nyingine mlio unaolaumiwa propela hutokana na hilo, na tairi nne zinazolingana huumaliza.

Anayeamua kuendelea na aijulishe kampuni yake ya bima. Propela nayo ifungwe kwa gunia lililopakwa grisi na kuwekwa pakavu pamoja na bolti zake, kwani mnunuzi wa gari hilo kesho huenda akaishi ng'ambo ya lami.